Chagua Atakayekuletea Habari Mbaya

Ndugu wazazi, ndugu walezi, na nyinyi wachache mnaotarajia mtoto na mmeona bora mje mapema: karibuni, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu.

Niliombwa nizungumzie namna ya kumsaili na kumchagua yaya. Kila ninapopewa mada hii huwa najua swali la kwanza litakuwa lipi, na leo nitaliwahi. Swali ni hili: nitajuaje kama huyu ni mtu mzuri? Jibu langu ni fupi na huwaudhi watu. Hutajua. Hutajua kwa mazungumzo ya saa moja sebuleni, wala kwa kumkazia macho, wala kwa kusoma barua aliyokuja nayo. Uzuri wa mtu hujulikana kwa kukaa naye, na wewe unataka kumwachia mtoto Jumatatu.

Basi tuliache swali hilo, tushike jingine ambalo lina jibu. Mtoto wako ataanguka. Atapaliwa, atapandisha homa, atamng'ata mwenzake, atajitia punje puani. Hayo hutokea hata mikononi mwa mama mzazi, seuze mikononi mwa mtu wa kuajiriwa. Siku yakitokea, huyu mtu ataniambia? Ataniambia mapema na kwa ukamilifu, au nitayagundua mwenyewe usiku ninapomvua mtoto nguo? Mimi nikikaa na familia inayochagua yaya, hilo ndilo ninalolitafuta kabla ya lingine lolote. Kubadili nepi kunafundishika asubuhi moja. Tabia ya kusema ukweli utakaokuletea lawama ni ngumu kumfundisha mtu mzima, lakini inaonekana, mradi ujue pa kuangalia.

Tuanze na macho yetu, maana ndiyo yanayotuponza. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama askari wao kwa umbo, akili, uongozi na tabia. Aligundua kuwa askari aliyesifiwa umbo alisifiwa pia akili na tabia, kwa kiasi kisichoelezeka, kana kwamba mambo hayo huzaliwa pamoja. Ofisa alipendezwa na jambo moja, na alama nyingine zote zikafuata mkumbo. Na sisi ndivyo tulivyo. Ameingia mtu nadhifu, sauti laini, salamu zake za heshima. Dakika tano hazijaisha tumeshaamua, na muda uliobaki tunautumia kutafuta sababu za kuhalalisha uamuzi wetu. Akija mwingine mwenye haya, anayejibu huku ameinamisha kichwa, tumeshamtoa kabla hajakaa sawasawa kwenye kiti. Huenda mtoto angemtaka huyo wa pili. Mtoto hajali mtu anajieleza vipi mbele ya watu wazima.

Watafiti wa mambo ya ajira wamelihangaikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na wakaonyesha kuwa mahojiano yaliyopangwa hutabiri utendaji wa mtu vizuri kuliko mazungumzo ya kwenda popote. Mwaka 2022 kundi la watafiti likiongozwa na Paul Sackett lilizipiga upya hesabu za aina hiyo, na safari hii mahojiano yaliyopangwa yakashika nafasi ya kwanza kati ya njia zote zilizopimwa. Kupangwa maana yake ni jambo dogo tu: kila anayekuja anaulizwa maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, na majibu yake yanaandikwa.

Najua inasikika kama ofisi. Kuna wazazi huniambia, "Hii ni nyumba, si wizara." Sawa. Lakini wizara ikikosea katika kuajiri karani, faili litachelewa. Chukua karatasi. Mkae wawili kama inawezekana, wewe na mwenzako, au wewe na ndugu mwenye kichwa kilichotulia. Mmoja aulize, mwingine aandike. Mgeni akishaondoka, kila mmoja aandike maoni yake kabla hajafungua mdomo, kwa sababu yule mwenye sauti kubwa katika ndoa yenu akisema wa kwanza, usaili umekwisha hapo. (Naona mzee mmoja pale nyuma anamtazama mkewe. Mtazungumza nyumbani.)

Kabla hujamwita mtu yeyote, ijue kazi yenyewe. Mtoto ana umri gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, yaya analala nyumbani au anarudi kwake, na je, unatafuta mlezi wa mtoto au unatafuta mtu wa kufua, kupika na kudeki ambaye pia atamwangalia mtoto? Hizo ni kazi mbili. Ukizichanganya useme wazi, na ujue kuwa wakati sufuria ipo jikoni na mtoto yupo ukumbini, mmojawapo hana mwangalizi.

Sasa tuje kwenye maswali yenyewe. Ondoeni kabisa lile la "Unapenda watoto?" Sijawahi kusikia mtu akijibu hapana. Ondoeni pia yale yenye jibu ndani yake: "Wewe si mtu wa kumpiga mtoto, sivyo?" Na punguzeni kuhutubia. Mzazi mwenye wasiwasi huongea sana. Anaeleza mtoto alivyo, anavyolala, asivyotaka, na mgeni anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa nusu saa. Mwishoni mzazi anasema, "Tumeelewana sana." Hamjaelewana. Umesikilizwa.

Maswali yenye faida ni yale yanayomrudisha mtu kwenye jambo alilowahi kulifanya. Swali langu kubwa ni hili: "Nieleze siku ambayo mtoto aliumia au aliugua ukiwa naye peke yako." Ukishauliza, nyamaza. Atanyamaza na yeye. Usimwokoe. Mwache afikiri, na akianza kueleza, mfuate taratibu: jambo la kwanza ulilofanya lilikuwa lipi? Ulimpigia nani simu? Baada ya muda gani? Mzazi alipofika ulimwambiaje? Alisemaje?

Mara nyingi mtapata mojawapo ya majibu mawili, na hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu wazazi wengi hulichukua lisilofaa. Jibu la kwanza: "Kwa kweli namshukuru Mungu, miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kuumia mikononi mwangu." Wazazi wakilisikia hili nyuso zinachangamka. Mimi wasiwasi unanipanda. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara nyingi kwa siku. Mtu aliyelea watoto kwa miaka na hana hata kisa kimoja cha nundu ya kichwa, ama hakuwa akitazama, ama ameamua kuwa mbele yenu mambo hayo hayasemwi. Na akiamua hivyo leo, ndivyo atakavyoamua mwezi ujao.

Jibu la pili linakuja kwa kusitasita. Atakwambia kuna mtoto aliporomoka kitandani wakati yeye ameinuka kuchukua chupa ya maziwa. Alimnyanyua, akamkagua, akaona uvimbe, akampigia mama yake papo hapo. Mama akafoka. Tangu siku hiyo hamwachi mtoto kitandani hata kwa kugeuka mara moja. Mzazi anayesikiliza anaogopa: kumbe huyu ameshaangusha mtoto! Ndugu zangu, kaeni mtulie. Huyu amewaambia kosa lake mbele ya watu wanaoweza kumnyima kazi. Tazameni mambo matatu katika kisa hicho: alichukua hatua, alitoa taarifa bila kungoja, na kuna kitu alibadilisha. Kama kisa ni cha uzembe wa kutisha, mtakiona. Lakini msimwadhibu mtu kwa sababu amewajibu kweli.

Kwa asiye na uzoefu wa kazi, swali halibadiliki sana. Wengi wamelea wadogo zao au watoto wa jirani. Kama hata hilo hana, muulize kuhusu kitu cha mtu kilichowahi kuharibika au kupotea akiwa nacho yeye, na alimwambiaje mwenyewe. Unapima tabia ileile.

Ongeza swali la jambo ambalo halijatokea, ila lipe mkia. "Nimekuagiza mtoto asishike simu. Amelia robo saa, umechoka, umempa. Nikirudi jioni utaniambia nini?" Sehemu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Wengi watajibu kuwa hawatampa kamwe. Sisitiza: umeshampa, basi, jioni unasemaje? Utaona uso. Na uliza hili pia: "Mwajiri aliwahi kukuagiza jambo uliloona si zuri kwa mtoto? Ulifanya nini?" Anayesema alitii tu kila alichoambiwa, na anayesema alifanya alivyoona yeye bila kumwambia mwenye mtoto, wote wawili wana kasoro moja: mzazi hakujua kilichokuwa kinaendelea.

Kuna swali jingine ambalo kwa wenye watoto wachanga ni la lazima, nalo ni la kilio. Mtoto mchanga mwenye afya hulia. Kilio huongezeka katika wiki za mwanzo, hufikia kilele chake kama wiki ya sita, kisha hushuka mtoto akikaribia miezi mitatu au minne. Kuna jioni utamnyonyesha, utambeba, utamwimbia, utambadilisha, na ataendelea kulia. Hapo ndipo watu wazima, hata wazazi wenye upendo, humtikisa mtoto kwa hasira, na kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kumletea damu kwenye ubongo, upofu, ulemavu wa maisha, au kifo. Shingo yake haina nguvu ya kukizuia kichwa, na ubongo wake ni laini.

Basi uliza: "Mtoto amelia saa nzima, umejaribu kila kitu, na sasa unahisi hasira. Unafanya nini?" Anayejibu, "Mimi siwezi kumkasirikia mtoto," hajajibu swali. Jibu unalolitaka ni la mtu anayejijua: nitamlaza chali mahali salama, nitatoka chumbani dakika chache nipumue, nitarudi kumwangalia, na nitakupigia simu. Akisema hilo la simu bila kukumbushwa, weka alama kubwa kwenye karatasi yako. Asiposema, mwambie wewe, na umwambie kwa maneno yasiyo na shaka kwamba simu hiyo haitahesabiwa kuwa udhaifu. Kisha uipokee siku itakapopigwa, hata kama uko kikaoni.

Kuhusu ujuzi wa usalama, muulize, lakini msimfanyie mtihani wa darasani. Kuna mambo machache nataka kila mmoja wenu ayajue kabla hajamuuliza mtu mwingine. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hulazwa chali, kila usingizi, kwenye godoro gumu lisilo na mito wala blanketi. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa kama nusu. Yaya aliyefundishwa na bibi yake kumlaza mtoto kifudifudi hana kosa. Amerithi ushauri ambao hata wahudumu wa afya waliutoa zamani. Mfundishe. Asali hapewi mtoto kabla ya mwaka mmoja, kwa hatari ya sumu ya vijidudu inayoshambulia neva. Dawa ya homa hupimwa kwa uzito wa mtoto, na yaya asitoe dawa yoyote bila kukuuliza. Mtoto akiungua, maji ya bomba ya baridi yatiririke kwenye jeraha dakika 20, bila barafu, bila mafuta, bila dawa ya meno. Mtoto mchanga aliyepaliwa na hawezi kukohoa hulazwa kifudifudi kwenye mkono, kichwa chini, akapigwa mgongoni kati ya mabega mara tano, kisha akageuzwa na kubonyezwa kifuani mara tano. Tafuteni mafunzo ya huduma ya kwanza, mwende wote wawili, wewe na yeye. Maneno yangu hapa hayatoshi. Mikono inapaswa ijaribu.

Na maji. Nitasimama kidogo kwenye maji. Kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4, kuzama ni miongoni mwa sababu kuu za vifo duniani, na hakuhitaji ziwa. Beseni lenye maji ya kina cha sentimita chache linatosha. Tena mtoto anayezama hapigi kelele, kwa hiyo yule anayesema "nitamsikia" hajui anachokisema. Muulize: "Uko bafuni unamwogesha, mlango unagongwa. Unafanya nini?" Anayemfunga taulo akaenda naye mlangoni, au akauacha mlango ugongwe, amejibu.

Katika maswali haya yote ya ujuzi, jibu ninalolipenda ni "Hilo silijui." Kuna mzazi huniuliza, utapendaje mtu asiyejua? Napenda kwa sababu yaya anayesema hajui wakati unamtathmini, atasema hajui pia wakati chupa ya dawa iko mkononi. Yule wa kubahatisha ili aonekane anajua ndiye wa kumwogopa.

Halafu mleteni mtoto. Usaili wa yaya bila mtoto chumbani haujakamilika. Msimkabidhi, mwacheni mtoto acheze sakafuni na nyinyi muendelee kuongea, mtazame. Je, mgeni anashuka alipo mtoto? Anamngoja amkaribie au anamnyakua? Mtoto akimwonyesha kitu, anakiangalia? Hayo madogo ndiyo yenye uzito. Marekani kuna utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1991, uliowafuata watoto zaidi ya 1,300 katika maeneo kumi, tangu kuzaliwa hadi ujana, kuchunguza malezi wanayopata kwa watu wasio wazazi wao. Walichokipima hasa katika ubora wa malezi ni jinsi mlezi anavyomwitikia mtoto: anamjibu, anaongea naye, anagundua anachohitaji. Waliolelewa hivyo walikuwa mbele kidogo kwa lugha na kufikiri. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa nyumbani, yaani wazazi wenyewe, kuna mchango mkubwa kuliko wa mlezi yeyote. Nalisema hilo kwa ajili ya mama anayekwenda kazini huku moyo unamuuma.

Tahadhari moja. Kuanzia kama miezi minane watoto wengi huanza kuogopa wageni na kulia wakiachwa, na hali hiyo yaweza kuendelea hadi mwaka na nusu au zaidi. Mtoto wa miezi kumi akimlilia mgeni, msiseme "mtoto ameona kitu." Ameona mgeni. Tazameni mgeni anafanya nini na kilio hicho: ananuna, anacheka kwa aibu, anamlazimisha, au anarudi nyuma kidogo na kumpa muda?

Tuje kwa waajiri wa zamani. Hili watu hulifanya vibaya au hawalifanyi kabisa. Barua ya sifa haitoshi. Piga simu uzungumze na mtu. Anza na mambo yanayoweza kuthibitishwa: alifanya kazi lini hadi lini, mtoto alikuwa na umri gani, alilala hapo au alirudi kwake. Mtu wa kupangwa hujikwaa hapo, maana hakuandaliwa tarehe. Kisha muulize swali langu lilelile, kwa upande wake: "Kuna siku mtoto aliumia akiwa naye? Ulijuaje?" Kama yaya alikusimulia kisa cha kitanda na mwajiri anakisimulia vilevile, mmepata kitu adimu. Malizia na hili: "Ukihitaji yaya kesho, utamchukua tena?" Sikiliza kasi ya jibu. Anayesema "Eee... ni mtu mzuri tu" amekwisha kukujibu.

Kitambulisho kionwe na nakala ihifadhiwe, na hati ya polisi iombwe pale inapopatikana, ila jueni mipaka yake: inaonyesha tu yaliyofika kwa polisi na mahakamani. Kitambulisho chenyewe mrudishieni. Kukishikilia cha mfanyakazi ili asiondoke ni aina ya ufungwa, na Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unasema wazi kuwa wana haki ya kukaa na hati zao. Mkataba huo unataka pia waelezwe masharti ya kazi kwa namna wanayoielewa, ikiwezekana kwa maandishi, na wapate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki.

Kuna umri pia. Anayekuja kulea mtoto asiwe mtoto mwenyewe. Mkataba namba 138 wa mwaka 1973 wa shirika hilohilo unaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa kwa kawaida miaka 15, usiwe chini ya umri wa kumaliza shule ya lazima, na kazi za hatari zinataka 18. Mimi kwa maoni yangu, kumwachia kijana wa miaka 15 mtoto mchanga kutwa nzima peke yake ni kuwatendea ubaya wote wawili. Na msiulize yasiyowahusu: ana mimba, atazaa lini, kwa nini hajaolewa, dini ya wazazi wake. Hayo hayamlindi mtoto.

Mtaniuliza, masharti ya kazi yanahusianaje na mtoto kuanguka? Yanahusiana moja kwa moja. Yaya anayekatwa mshahara kwa kila glasi iliyovunjika hatakwambia kuhusu glasi, na siku mtoto akianguka atatumia ujuzi uleule wa kuficha uliomfundisha mwenyewe. Anayefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku bila siku ya mapumziko atasinzia wakati mtoto yuko macho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nyumba nyingi anayefundisha kuficha ni mwenye nyumba. Kwa hiyo mshahara, tarehe ya kulipwa, saa za kazi, siku ya kupumzika, na lini simu inapigwa bila kungoja, viandikwe. Ukurasa mmoja unatosha. Na mwachie nafasi akuulize maswali. Anayeuliza "Mtoto ana mzio wa kitu? Nikishindwa kukupata nimpigie nani?" ameshaanza kazi.

Usimwajiri moja kwa moja. Awe na siku za majaribio, zenye malipo, wewe ukiwa nyumbani lakini unafanya shughuli zako. Kisha toka saa moja, toka nusu siku. Siku moja rudi mapema bila taarifa. Hakuna ubaya katika hilo, ni nyumba yako. Kamera? Kama mnataka kuweka, mwambieni ipo na iko wapi, isiwe chooni wala anapolala. Kamera ya siri ikigunduliwa, na hugunduliwa, hataamini tena kuwa mnataka kusikia kutoka kwake. Mtakuwa mmechagua kupeleleza badala ya kuambiwa. Na kamera haimdaki mtoto anayeanguka.

Wiki za mwanzo wekeni daftari dogo: mtoto amekula nini, amelala lini, amejisaidiaje, na mstari mmoja wa "kilichokwenda vibaya leo." Mstari huo usikae mtupu siku zote. Ukiwa mtupu wiki mbili, muulize kwa utani: kweli hajalia hata mara moja? Na siku atakapoandika jambo zito, uso wako wa dakika ile ya kwanza utaamua kama ataandika tena. Uliza kilichotokea, mkague mtoto, mpelekeni hospitali kama inahitajika, mshukuru kwa kukuambia. Maneno ya kumkanya, kama yapo, yangoje kesho yake. Narudia: kumshukuru hakumaanishi kuvumilia kila kitu. Kipigo, uongo wa makusudi, kumwacha mtoto peke yake, hayo yanamaliza kazi siku hiyohiyo.

Mkilazimika kuachana kwa sababu za kawaida, mlipeni haki yake yote na mpeni nafasi ya kumuaga mtoto. Wazazi wengi humwondoa yaya mtoto akiwa amelala ili asilie. Akiamka atamtafuta vyumba vyote, kwa siku kadhaa. Mwambieni mtoto kwa maneno mepesi kuwa anaondoka, aagane naye, alie akitaka. Kisha mpokeeni mgeni mpya kwa hatua zilezile, na maswali yaleyale kwenye karatasi ileile.

Muda niliopewa umekwisha. Wenye watoto wa chini ya miezi sita waanze kuuliza, maana najua hawakulala jana.